Darasa la Miche Jikoni

Harufu ya udongo uliolowa ndiyo iliyotuamsha majira yale ya kuchipua, katika nyumba yetu ya kupanga huko Eagan, Minnesota, wakati nje theluji ilikuwa bado imerundikana kwenye maegesho ya magari. Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu Uvira, alikuwa amepanga vikopo vya mtindi dirishani na kupanda ndani yake maharage, nyanya na mchicha. Mimi na mdogo wangu Neema tulisomea pale pale, kwenye meza ya jikoni. Mama alikuwa ametutoa shuleni baada ya Neema kuanza kuumwa tumbo kila asubuhi. Darasani zamu yake ya kusoma ilipofika, aliinamisha kichwa tu hadi mwalimu akamruka.

Baba, aliyefanya kazi ghalani, hakuridhika. "Mama Rehema, tumepita yote yale ili watoto wasomee jikoni?" Mama alimwomba avumilie mpaka theluji iishe. Baba akakubali, ila akasema kama Neema atakuwa bado hajui kusoma, atamrudisha shuleni.

Basi tukapima miche kwa rula na kuchora majani yake. Neema alibandika kwenye kila kikopo karatasi yenye jina aliloliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopinda. Theluji ilipoyeyuka tulitoa vikopo kwenye roshani vipate jua. Upepo ukabandua karatasi kadhaa, na Baba akaziokota akazibandika tena. Kwake miche yote ilikuwa majani tu.

Jumamosi moja alichukua kikopo kimoja. "Neema, hapa pameandikwa nini?"

Neema alitazama jani, akatazama karatasi, akalirudia jani. Baba akageuka kumwangalia Mama. Mama alikuwa akimtazama Neema tu.

"Nya-nya," Neema akasema polepole. "Lakini Baba, haya ni maharage. Umekosea kubandika."

Baba aliketi, akamvuta kifuani. Habari za kumrudisha shuleni hazikusikika tena mwaka ule.

Siku hizi mimi ni msaidizi wa darasa, huku huku Minnesota. Mtoto akikwama kwenye neno nataka kumngojea, lakini wenzake wananiita, na mara kengele inalia. Mama hakuwa na kengele. Alikuwa akipika, na akisikia Neema amekwama, anapunguza moto, anajifuta mikono, anasubiri.