Mwito wa Kuazima

"Nguzo ya mwaka jana ililala upande wa ziwa," alisema Hjördis, "na ya mwaka juzi ikalala huko huko. Mtu akipita na boti anadhani kijiji kizima kimelewa."

"Siku hii kijiji kizima huwa kimelewa, shemeji," akajibu Halvar.

"Saa ya kusimamisha nguzo hakuna aliyelewa. Usijifiche nyuma ya chupa za watu."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, na uwanja wa kijiji cha Lövbacka ulikuwa umejaa matawi mabichi. Wanaume waliyashusha kutoka kwenye trela, wanawake wakayasuka makoja, kila nyumba koja lake la mita nne. Hjördis alikuwa amekwisha kumaliza la kwake, na sasa alikuwa akifumua la jirani yake Sigbritt ili alisuke upya, bila kuombwa.

"Mwache mzee wa watu," alisema Sigbritt. "Leo sikukuu."

"Ndiyo maana nasema leo. Nikingoja Jumatatu itakuwa imeshalala." Akamgeukia tena Halvar. "Na bado una kitu changu. Unakijua."

Halvar aliinua tawi begani. "Tutaona," akasema, akaenda zake.

Hiyo *tutaona* Hjördis aliisikia mwaka wa pili sasa.

Kitu chenyewe hakikuwa cha kushika mkononi. Kilikuwa mwito. Nguzo ya Lövbacka, ile inayovishwa makoja na kuchezewa kila kiangazi, ina urefu wa mita ishirini na mbili, na husimamishwa kwa mikono ya watu, haijaguswa na mashine hata siku moja. Watu arobaini huiinua kwa mikasi, yaani miti miwili miwili iliyofungwa kamba kichwani, na mtu mmoja husimama shinani akiwaitia: sasa inueni, sasa tulieni. Kwa miaka thelathini na moja mtu huyo alikuwa Evert, mume wa Hjördis, kaka yake Halvar.

Evert alikuwa mtu wa maneno machache. Angeweza kula samaki wake wa siki na viazi, akafuta mdomo, akalala, asiseme zaidi ya "chumvi". Lakini siku hiyo moja, kwa dakika ishirini, watu arobaini hawakupumua mpaka aseme. Hjördis alimpenda mwaka mzima kwa ajili ya dakika hizo ishirini, na wala hakuona haya kulisema. Yeye mwenyewe alisambaza barua miaka thelathini na minne, kiangazi kwa baiskeli, majira ya baridi kwa kigari cha kusukuma kwa mguu juu ya barafu. Alijua nani anaandikiwa na nani na nani haandikiwi na mtu. Ulimi wake ulikuwa wembe, lakini barua ya mtu haikupata kutoka kinywani mwake.

Evert alipolazwa, aliwaita wote wawili kando ya kitanda. "Halvar," alisema, "shika mwito mwaka huu mmoja. Nisiporudi, mpe Hjördis. Anaujua." Halvar akasema sawa. Evert hakurudi. Mwaka uliofuata Halvar akasema kijiji hakijazoea mwanamke kuita. Mwaka wa tatu akasema tutaona. Hjördis akasusa, akawa anasimama mbali, pamoja na wanawake wa makoja, mikono kifuani, akitazama nguzo ikiegemea ziwa.

Mwaka huu aliacha kususa. Saa moja jioni, jua likiwa bado juu ya misonobari, alijifunga aproni yake ya mistari, akavaa viatu vyake vya kazini, akaenda kusimama shinani, nyuma kidogo ya bega la Halvar. Alitaka kulinasa kosa kwa macho yake mwenyewe, kisha alitaje mbele ya watu. Hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Wapiga fidla watatu walinyamaza. Mbu hawakunyamaza.

"Barabara?" aliita Halvar. Ndivyo walivyogawanywa, nusu upande wa barabara, nusu upande wa ziwa.

"Tayari."

"Ziwa?"

"Bado, Halvar," alisema Ture, aliyeshika mkasi wa kwanza. "Kamba imeteleza."

"Haya, juu," akaita Halvar.

Upande wa barabara ukasukuma. Upande wa ziwa ukatukana, ukajitahidi kufuata. Nguzo ikapanda hatua moja, kichwa chake chenye jogoo wa bati kikienda mrama.

Hjördis alikuwa ameshafungua kinywa. Halafu akauona uso wa Halvar. Alikuwa amekunja macho dhidi ya jua, akimkodolea Ture midomoni kama mtu anayesoma maandishi madogo bila miwani. Ziwa lilikuwa kushoto kwake. Miaka arobaini aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, msumeno ulikuwa kushoto kwake vile vile.

Hapo mengine yakajipanga yenyewe. Mezani kwa Hjördis, Halvar hukaa daima ubavu wa kushoto ukutani. Hjördis akimpita kwa baiskeli kutoka nyuma na kumsalimu, haitikii. Yeye aliita jambo hilo kiburi, akalisambaza kwa jina hilo nyumba hadi nyumba. Kumbe mtu hasikii.

Angeweza kulisema palepale. Maneno mawili tu, na mwito ungekuwa wake kabla ya hatua ya pili.

"Barabara?"

"Tayari."

"Ziwa?"

"Bado," alisema Ture.

Halvar akavuta pumzi ili aite. Hjördis akamkamata kizibao mgongoni, akakaza. Halvar akafunga kinywa.

"Tayari sasa," alisema Ture. Hjördis akaachia kizibao na kumgusa bega.

"Haya, juu."

Wakaenda hivyo hatua tatu. Akikaza, Halvar ananyamaza, akigusa, anaita. Mikasi mifupi ikatolewa, mirefu ikaingizwa. Nguzo ikawa imeinama angani, makoja yakining'inia.

Halvar aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ya chini, "Tangu lini unajua?"

Hjördis akasogea upande wa sikio zima. "Dakika kumi."

"Utasema?"

"Ulipata kusikia nimesambaza barua ya mtu ikiwa wazi?"

Watu wa mikasi walianza kutoka jasho.

"Halvar," Ture akaita, "huku tumeshika nguzo, hatujashika vikombe vya kahawa."

Halvar akainua mkono. "Anayeita sasa ni Hjördis," alisema, na wote wakasikia. "Evert aliniazima mwito huu mwaka mmoja. Nimekaa nao minne."

"Mwanamke?" alisema Ture.

"Wewe Ture, shika mti," Sigbritt akasema kutoka kwenye makoja, na watu wakacheka kwa tahadhari, maana mita ishirini na mbili zilikuwa juu ya vichwa vyao.

Halvar akaenda akashika mkasi uliokuwa na mtu mmoja, akasimama ili sikio lake la kulia lielekee shinani.

Sauti ya kwanza ya Hjördis ilitoka nyembamba. "Barabara?" Akakohoa. Ya pili ilikuwa ile aliyokuwa akiwafukuzia mbwa kwenye vizingiti vya watu. "Ziwa?"

"Tayari."

"Haya, juu. Tulieni. Ture, wewe pia ni mtu, tulia."

Hatua nne. Shina likateleza shimoni kwa kishindo, kabari zikagongwa, fidla zikaanza, watoto wakakimbilia kushikana mikono kuizunguka nguzo. Hjördis alibaki palepale, akijifuta jasho kwa aproni.

Halvar alikuja akasimama kushoto kwake. Akafumba jicho moja, akaipima nguzo.

"Imelala upande wa ziwa," alisema.

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Hjördis naye akafumba jicho, akatazama kwa muda.

"Hivyo viwili ni vya Evert," alisema. "Yake ilikuwa hivyo hivyo kila mwaka. Shimo ndilo bovu."

"Basi hunidai?"

"Sikudai. Twende, viazi vinapoa." Akamshika kiwiko, akamzungusha ili yeye atembee upande wa sikio lake zima.