Askari Aliapa kwa Pumzi Moja

Nikisema siiamini polisi ya London watu hucheka, kwa sababu wananijua kuwa mimi ni mtu wa kutia chumvi. Kweli, natia. Nikikwambia kwamba baridi ya mwaka wetu wa kwanza Tooting iligandisha chai kati ya kikombe na mdomo, punguza nusu, ubaki na nusu. Lakini haya ya kaka yangu usipunguze hata punje. Hapa sikuwa na haja ya chumvi, walishatia wao.

Sisi ni Wahindi wa Unguja. Nyumbani tulisema Kikachi, lugha ya mababu zetu, na Kiswahili, na mama akikasirika alisema Kiswahili peke yake, akidai Kikachi hakina maneno ya kumtosha. Tulipoingia London mama alifungua kiduka Tooting, kidogo kama kabati, ukipiga chafya bamia zinaanguka. Kaka yangu mkubwa alikuwa kondakta wa basi, na Jumamosi akimsaidia mama dukani. Mimi nilibeba makreti ghalani mchana, jioni nikasoma shule ya watu wazima, Kiingereza na sheria kidogo, nikilala darasani kwa macho wazi. Ni kipaji ambacho hakikuandikwa kwenye cheti changu.

Siku zile kulikuwa na chama cha watu wasiotutaka. Waliandamana na bendera na ngoma, wakitupigia kelele turudi kwetu. Kwetu wapi hawakusema. Unguja tumefukuzwa, na Bara Hindi mama hakuwahi kuitia machoni. Lakini mimi hao hawakunishangaza. Mtu asiyekupenda hakudanganyi. Walionishangaza ni polisi. Walitembea kushoto na kulia kwa waandamanaji kama wapambe wa bwana harusi, na siku zote migongo ilikuwa kwao na nyuso kwetu. Mtu anayelinda humtazama anayemwogopa. Kwa hiyo tulijua wanaoogopwa ni kina nani.

Jumamosi ya kisa hiki mimi nilikuwa kazini. Maandamano yalipita mbele ya duka, vijana kadhaa wakachomoka, chupa ya maziwa ikapita kiooni ikaangukia kapu la pilipili. Kaka alikuwa anampimia mteja mhogo. Akatoka mlangoni na mhogo wake mkononi, akainua mikono yote miwili kumwita askari aliyekuwa karibu. "Bwana askari, wale pale! Wale!" Askari, kijana mwenye masharubu yaliyokuwa bado yanafanya mazoezi, akamjia mbio. Akampita yule mwenye chupa ya pili. Akamkamata kaka yangu.

Shitaka likawa kumpiga askari kwa rungu.

Rungu! Mhogo wa kuchemsha na nazi! Mteja alishatoka kwa mlango wa nyuma, na simlaumu, mwanamke mweusi wa Jamaika hangoji kuulizwa na polisi ameona nini. Mtu pekee aliyeona yote ni mama, aliyekuwa nyuma ya mzani. Wakili tuliyepewa akasema mambo yote yako kwa mama. Akisikilizwa, kaka ametoka. Asiposikilizwa, ni neno la askari dhidi ya neno la kondakta Mhindi, na kaka atalala jela.

Mahakamani askari aliitwa kwanza. Akaishika Biblia, akaapa kwa pumzi moja, kama kondakta anayetaja nauli, kisha akasema kaka alimpiga begani kwa rungu la mti. Wakili akamwuliza rungu liko wapi.

"Liliharibika stoo, bwana."

"Liliharibikaje?"

"Lilioza."

"Rungu la mti lilioza?"

Hakimu akamwambia wakili aache mzaha. Wakili! Si yule aliyeozesha rungu!

Akaitwa mama. Tarishi akamtolea Msahafu kutoka droo iliyokuwa na kamba na funguo, akamnyooshea. Mama akarudi nyuma kama amenyooshewa nyoka.

Lazima nieleze, maana wapo waliozaliwa huku wasiojua. Kwetu hatukuapa. Nyumbani neno wallahi lilikuwa na bei ya kofi. Watu wakigombana juu ya kiwanja, mmoja akasema, "Haya, twende tukashike Msahafu," nusu ya ugomvi ilikufa palepale, na wa kwanza kukimbia mara nyingi ni mwenye haki. Aliona afadhali kiwanja kiende kuliko kuyaweka maisha ya wanawe juu ya kauli yake mwenyewe, kwani ulimi huteleza, na kiapo hakiangalii kama uliteleza au ulikusudia. Mama alikuwa akisimulia jirani yetu mmoja aliyeapa uongo juu ya mnazi, akang'oka meno yote kabla ya Ijumaa. Chumvi yangu nimeirithi.

Mahakama ilikuwa imetuletea mkalimani wa Kiurdu, kwa kuona kila Mhindi ni mmoja. Kiurdu cha mama kilikuwa cha sinema. Alijua kusema "umenivunja moyo" na "usiniache stesheni". Hata hivyo akajikaza.

"Mwambie hakimu nitasema kweli yote," alisema, "lakini siapi. Na huyu anayenipa Msahafu, ana udhu?"

Mkalimani akafupisha: "Anakataa."

Hakimu akauliza kama dini yake inakataza kuapa. Hapo wakili akamkazia mama macho, akiinamisha kichwa kidogo, akimwomba aseme ndiyo, basi. Neno moja tu na angeruhusiwa kuahidi bila kiapo.

"Dini haikatazi," mama alisema. "Mimi ndiye ninayeogopa."

"Basi aape."

"Siapi. Kweli haihitaji kiapo. Uongo ndio unaohitaji."

Haya sijui mkalimani aliyatafsiri vipi. Hakimu alimwambia mama ashuke. Kaka akapewa miezi mitatu, akaachiwa kwa dhamana akate rufaa, na kazini wakamwambia avue sare mpaka ijulikane.

Nilijaa hasira ya kuvunja vyombo. Aliyekuwa tayari kuapa chochote amesikilizwa, na aliyekiogopa kiapo kuliko polisi ameambiwa ashuke. Darasani nikamwuliza mwalimu wetu wa sheria. Akasema katika rufaa mashahidi wote husikilizwa upya, na mama akisema tu kwamba imani yake haimruhusu kuapa, ataahidi kwa mdomo na yataisha. Nikadandia basi nikiwa kama nimeshinda mimi kesi.

Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mama, tumepona! Utasema imani yako inakataza."

"Haikatazi."

"Najua haikatazi. Utasema tu."

Akaweka ungo chini. "Ati unataka niseme uongo ili nisiape?"

"Uongo mdogo, mama."

"We mtoto, shule hiyo ya jioni wanakufundisha nini? Na taa wanawasha?"

Kaka aliyekuwa kwenye kiti karibu na hita alicheka, mara ya kwanza tangu hukumu. Kisha akasema taratibu, "Mama, muache. Miezi mitatu si miaka. Usiape kwa ajili yangu."

Mama akaurudia mchele wake, akauchambua mpaka nadhani alianza kuzitoa hata chembe nzima. Tulipokuwa tunakula akasema, "Nitaapa."

Kaka akarudisha tonge sahanini.

"Nikiacha uende jela na mimi nimeona, hilo nalo litanirudi," alisema. "Mmenizungushia pande zote. Basi nitaapa."

Siku ya rufaa aliamka akaoga, akavaa nguo zake za Idi. Alituita mimi na kaka akatuomba radhi, mmoja mmoja, kama mtu anayekwenda Makka. Njiani alishuku udhu wake umetenguka, na tulipofika akautia tena chooni mahakamani, mguu ndani ya sinki, wakili wa serikali, naye mwanamke, akinawa mikono sinki la pili akijifanya haoni. Safari hii tulidai mkalimani wa Kiswahili, akaja nesi mmoja Mpemba. Mama alipomwambia anakwenda kuapa, yule dada alishika mdomo. Yeye hakuhitaji tafsiri.

Askari akaapa tena. Pumzi moja, rungu lilelile, bega lilelile.

Kisha mama. Aliupokea Msahafu kwa mikono miwili, akaupandisha mpaka paji la uso. Akakawia nao hapo hata jaji akauliza kama anataka kiti. Akaapa neno baada ya neno, na kila neno nililiona linampunguza. Kisha akaeleza: chupa, kioo, mikono juu, mhogo. Wakili wa serikali akamwambia kwamba mama yeyote angesema hivyo kumwokoa mwanawe.

"Mama yeyote angesema," alijibu. "Lakini wewe hujui nimeweka nini hapa."

Nesi akatafsiri kila neno. Wakili wa serikali akatazama karatasi zake.

Jaji akafuta hukumu. Kaka huru! Nilitaka kupiga vigelegele, na mimi si mwanamke. Lakini jaji hakuwa amemaliza. Akasema hataki ieleweke vibaya, kwamba haoni sababu ya kumtilia shaka askari, kijana mwaminifu aliyefanya kazi katika msukosuko, ila amebaki na wasiwasi kidogo. Kila mtu, alisema, ametoa ushahidi wake kwa nia njema. Askari akavaa kofia yake ndefu akatoka, akatupita mlangoni, akatuinamia kichwa kwa adabu. Kwa adabu! Jumamosi iliyofuata angekuwa tena barabarani, mgongo kwa waandamanaji.

Watu wakasimama. Mama akabaki ameketi.

"Mama, twende, tumeshinda," kaka alimwambia.

"Sijaelewa," mama alisema. "Yeye ameapa mwanangu alimpiga. Mimi nimeapa hakumpiga. Mmoja wetu ameongopa juu ya Kitabu. Kama ni mimi, wanifunge. Kama ni yeye, mbona wamemwacha aende?"

Nikamwambia jaji amesema ni nia njema kwa wote.

"Haiwezekani. Kiapo hakina wote."

Tarishi akaja akasema anataka kufunga chumba, akaniuliza bibi ana shida gani. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha shule ya jioni, kilichokuwa kimechemka mpaka povu, kwamba mama anangoja askari aitwe tena aulizwe kati yao nani mwongo.

"Mwambie kesi imekwisha," alisema tarishi, si kwa ubaya. "Mwambie ameshinda."

Nikamwambia.

"Mimi sikuja kushinda," mama alisema. "Nimeapa. Mtu akiapa, lazima ijulikane."

Akaliweka begi lake mapajani, akaukunja mtandio wake vizuri, akamtazama tarishi, akangoja. Kaka akakaa upande wake wa kulia. Nami nikakaa upande wa kushoto.