Kifundo cha Mkono pale Petite Barrière

Huku kwetu Gisenyi, ukimkuta mtu analima au anaosha vyombo, hakupi kiganja. Anakunja vidole, anakupa kifundo cha mkono, nawe unakishika. Ndiyo adabu yetu: uchafu wangu nisikupake. Mwaka Ebola ilipofika Goma, ng'ambo ya mpaka wetu na Kongo, adabu hiyo ilininyima usingizi.

Mimi ni muuguzi. Nilipangwa mpakani, Petite Barrière, penye matangi ya maji ya klorini, kuhakikisha wanaovuka wananawa na kupimwa joto. Kutwa nilikuwa nabweka tu: jamani, msishikane mikono. Wanaitikia bon, tumesikia. Hatua chache mbele, wanapeana vifundo. Nikifoka wananishangaa, si nimekataza mikono? Lo, watu hawa! Nikawaambia jasho haliishii kwenye kiganja. Wakacheka.

Mama yangu alikuwa akivuka kila siku na vitunguu vya Rugerero. Nilimsihi apumzike, akajibu kwamba wateja hawapumziki. Basi kila jioni macho yangu yalikuwa kwenye foleni, si kwenye kipimajoto. Nikiona kitenge chake cha kijani, moyo unatulia. Nisipokiona, sikai wala sisimami, nanawa tena mikono niliyokwisha kuinawa.

Jioni moja alikuja amechelewa, beseni tupu kichwani. Akanieleza kwamba rafiki yake wa Goma, yule anayeuza naye, ana homa kali na anatapika, na wamemchukua kwenda kumtenga. Yeye alikuwa amepita kumjulia hali asubuhi, kabla gari halijafika. Nikamuuliza kama alimgusa.

"Mi si mujinga," alisema. "Sikumupa mukono. Nilimupa hapa tu."

Akanionyesha kifundo. Nikamwita mwenzangu, tukamketisha mama nyuma ya kamba, peke yake, asubiri kupelekwa karantini mpaka majibu ya rafiki yake yatoke. Hakubisha. Gari lilipokuja aliinuka kuniaga, akakunja vidole vyake vizuri, akaninyooshea kifundo juu ya kamba, kwa heshima zote, maana sasa alijua mikono yake haiaminiki. Mimi nikaipeleka yangu nyuma ya mgongo. Alibaki ameunyoosha mkono, na watu wa foleni wakatazama pembeni.

Siku zile sikutulia. Nilimimina chai nikaiacha ikapoa, nikalala nikaamka, nikapiga simu karantini mpaka wakanichoka. Niliogopa kwamba mkono ule niliokataa ungekuwa wa mwisho.

Majibu yakaja: ilikuwa malaria. Mama akarudishwa nyumbani, nami nikatoka mbio mpaka mlangoni kumpokea, mikono nimeitanua. Akasimama mbali kidogo. Hakunipa kiganja wala kifundo. Aliificha mikono yote miwili ndani ya kitenge, akainamisha kichwa, akanisalimu vile anavyowasalimu askari wa mpakani.