Ng'ombe Niliyemweka kwa Padre

Wakati wa vita vya Wadachi na Waingereza sikukaa kitako hata siku moja. Nikipepeta uwele, masikio yalikuwa njiani. Nikiingia ndani ya tembe, natoka tena kuchungulia. Askari walikuwa wakipita vijijini kukusanya ng'ombe wa kulisha jeshi, wakiwaswaga hadi Gulwe kupakiwa kwenye treni. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto wawili na ng'ombe mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakituvusha kiangazi.

Sisi Wakristo wa pale tulikuwa tumegawana kazi ya kumlisha padre wetu, kwa maana kutoka kwao Ulaya hakikuja tena kitu. Huyu analeta unga, yule mlenda mkavu, yule kuni. Kisha akaugua tumbo, ugali ukamkataa, akawa anaishi kwa maziwa. Nikampeleka ng'ombe wangu zizini kwake: maziwa ya asubuhi yawe yake, ya jioni watoto wangu wayafuate na kibuyu.

Kwetu kumweka ng'ombe kwa mwenzio ni jambo la kila siku. Ng'ombe hubaki wako, maziwa hunywa anayemtunza, na mgeni akiuliza, mtunzaji husema, "Ni wangu." Hakuna anayeuita huo uongo, ndivyo mali inavyofichwa macho ya watu. Tena askari walikuwa hawajagusa ng'ombe wa misheni. Haya mtoto wa kwetu huyajua kabla hajaota meno, kwa hiyo haikunijia kumfundisha mtu mzima aliyesoma vitabu vyote vile.

Askari walikuwa wamezoea kuona pale maksai wawili wa misheni, wasio na maziwa. Safari hii wakakuta ng'ombe watatu, wakauliza. Padre akawajibu kwa upole kwamba wa tatu ni wa mama mjane wa bondeni, mwacheni, ana watoto. Wakamchukua huyo huyo.

Nilifika misheni natweta, kaniki inafunguka.

"Padre, kwa nini hukusema ni wako?"

"Mama, si wangu."

Nilitamani kumpiga, Mungu anisamehe. Yeye akachukua fimbo akawafuata hadi Gulwe, na tumbo lile lile. Siku zote alizokuwa huko nilipanda kilima na kushuka, sili nikashiba, silali nikalala. Akarudi mikono mitupu, nyayo zimepasuka, akaketi mlangoni mwa kanisa akashindwa kuinuka.

Wanawake wenzangu wakaniambia nimwache, nimeshatoa vya kutosha. Lakini nyumbani nilikuwa na mbuzi wawili, mmoja akiwa na maziwa, na yule mtu hakuwa na kitu cha kunywa. Nikamfunga kamba yule wa maziwa, nikaenda.

"Huyu namweka kwako," nikamwambia. "Wakija, utasema ni wako?"

"Siwezi, mama."

Hasira ikanipanda upya. Watoto walikuwa wamenifuata, wanatazama mkono wangu ulioshika kamba.

"Basi nimekupa," nikasema. "Sasa ni wako kweli."

Nikamwachia kamba, nikaondoka upesi kabla moyo haujageuka.