Mama Aingia Makumbusho kwa Mlango wa Ngoma

Tulisafiri kwa sababu ya picha. Mdogo wangu Anaeli alipunguzwa kazi shirika lao lilipobinafsishwa, akawa mchoraji, na tangu siku hiyo mama hakumsemesha. Kwake, mwanamume mzima kushinda akipaka rangi ulikuwa ugonjwa. Kisha tukasikia kwamba makumbusho mapya ya sanaa Arusha yametundika picha ya mama, kazi ya Anaeli.

“Twende,” mama akaniambia. “Nikaone nimefanywa nini.”

Asubuhi tuliondoka Kikwe kwa pikapu ya nyanya. Mama alivaa gauni la kwaya na kofia yake nyeupe. Usa River tukapanda basi. Kuanzia hapo mabango yalishindana na migomba: soda, sigara, sabuni za kila rangi. Soko lilikuwa limefunguliwa, na tulikuwa huru kununua hata tusivyovihitaji.

Arusha, juu ya mlango wa makumbusho, paliandikwa “Utamaduni Wetu, Watu Wetu.” Chini ya maneno hayo bwana mmoja mwenye suti alituzuia.

“Mna kadi za mwaliko?”

“Hatuna,” nikasema. “Lakini picha ya huyu mama iko ndani.”

“Shikamoo, mama. Leo ni wafadhili na wageni rasmi tu. Wananchi ni wiki ijayo. Labda muwe wacheza ngoma ya asili ya Wameru.”

Wachezaji walikuwa nyuma ya jengo wakivaa. Kiongozi wao alikuwa mtu wa Tanga aliyepanga chumba Kaloleni, hapo mjini, na alikuwa amepungukiwa watu. Akamtazama mama kwa makini.

“Kofia hiyo haina asili, mama. Jifunge shuka.”

Nilidhani mama atageuza njia. Ni mzee wa kanisa, hajacheza ngoma maisha yake yote. Alinipa kofia, akajifunga shuka juu ya gauni.

“Mungu anajua ninachofuata,” akasema.

Tuliingia tukicheza, mimi nyuma yao na kofia mkononi. Mama alikanyaga mwendo wa kwaya, na kwa kuwa hakujua wimbo wao, akaanzisha wa mazishi, kwa Kimeru. Mgeni rasmi akawaeleza wafadhili kwamba huo ni wimbo wa kale wa mavuno. Wakampiga picha nyingi kuliko wachezaji wote.

Mbele ya ukuta wa mwisho mama akasimama. Alikuwa pale pichani, jikoni kwake, anamenya ndizi, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, kama lilivyo. Chini, karatasi: “Mwanamke wa Kimeru Asiyejulikana.” Anaeli alisimama kando na glasi ya juisi asiyoinywa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Akaitazama picha kwa muda mrefu. “Ulinichora lini, na nyumbani huji?”

“Kwa kukumbuka.”

“Na huyu asiyejulikana ni nani?”

“Walisema wageni wanapenda hivyo.”

Mama akaibandua karatasi. Bwana wa suti akaja mbio.

“Hairuhusiwi kugusa sanaa, mama.”

“Nimegusa karatasi tu.”

Anaeli alichukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ile: “Ndeonasia, mama yangu.” Akaibandika tena. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya ngoma.

Jioni tulirudi Kikwe mimi na mama. Nilichojifunza ni kwamba utamaduni wetu unakaribishwa kila mahali, ila sisi wenyewe huwa tunasubirishwa nje.

Jumapili Anaeli alikuja nyumbani na rangi zake. Mama alikaa jikoni, akanyoosha mgongo, akaniambia nifungue dirisha ili mwanga uingie.