Mtoto wa Meza

Siku yangu ya kwanza wizarani nilipewa kazi ya kuandika noti, yaani barua ambayo serikali moja huipelekea nyingine. Noti haina "mimi" wala haitiwi saini. Hupigwa muhuri tu. Mkurugenzi wa Idara alinirudishia mara nne. Mara ya nne akasema, "Kijana, hapa hukasiriki wewe. Inakasirika serikali, tena kwa adabu."

Mimi ni mtu wa Usagara, Tanga, na Kiarabu nilikipata kwa bibi yangu nyumbani. Ndiyo maana baada ya miaka michache nilipelekwa ubalozi wetu katika nchi moja ya Ghuba, nikiwa Afisa wa Konsula. Huyo ndiye anayeshughulikia pasipoti, ndoa, misiba na raia waliotiwa ndani.

Mwezi wangu wa pili pale likaja faili la Mwanahamisi, binti wa kijiji cha Mkwaja, mkoani kwetu Tanga, mfanyakazi wa ndani. Alikuwa rumande kwa tuhuma ya kuiba bangili ya dhahabu ya tajiri yake. Maelezo yake, yaliyotafsiriwa kwa Kiarabu, yalisema aliichukua akampa mtoto wa mtu aitwaye Meza. Polisi walikuwa wakimsaka huyo Meza. Nikasoma, nikaona amekiri. Faili nikaliweka kando, likakaa wiki tatu.

Balozi alilikuta alipokuwa akipitia orodha ya mahabusu.

"Umemwona?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nimesoma maelezo. Amekiri."

"Nimekuuliza kama umemwona."

Nilikwenda siku ile ile. Mwanahamisi aliletwa amekonda, sauti imemkauka. Nikamwuliza Meza ni nani. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili.

"Meza ya kushonea, kaka! Niliikuta bangili sakafuni nikifagia, nikaitia kwa mtoto wa meza isipotee. Nimewaambia hivyo tangu siku ya kwanza."

Kwetu pwani, kile kisanduku cha kuvuta kilicho chini ya meza, ambacho wengine hukiita droo, ndicho mtoto wa meza. Mkalimani hakuwa mtu wa pwani; alisikia mtoto, akaandika mtoto. Nami, mzaliwa wa Tanga, nikapitisha.

Noti niliyoandika kuomba meza ile ikaguliwe, safari hii haikurudishwa. Siku chache baadaye mwendesha mashtaka alikubali meza ikaguliwe mbele yetu. Askari akaichomoa droo yote. Bangili ilikuwa imeangukia nyuma yake. Mama mwenye nyumba akakaa kitako. Uwanja wa ndege, akirejea nyumbani huru, Mwanahamisi alinishukuru mpaka nikaona haya. Sikumwambia habari ya zile wiki tatu.

Nilihudumu katika balozi nyingine mbili, nikapanda hadi Mshauri Mkuu, kisha nikaenda chuo kikuu kufundisha diplomasia. Kila mwaka niliwasimulia wanafunzi kisa cha bangili, na kila mwaka niliziruka zile wiki tatu. Mwaka wangu wa mwisho, binti mmoja wa Lushoto akanyoosha mkono.

"Mwalimu, faili lilifika ubalozini lini?"

Nikasema ukweli. Binti hakushusha mkono.

"Na yeye anajua?"

Nilipostaafu chuoni nikafunga safari ya Mkwaja. Nilimkuta Mwanahamisi uani akikuna nazi, sasa mtu mzima mwenye wajukuu.

"Shikamoo, mzee," alisema, kisha akanitambua, akaachia kifuu kikaanguka.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. "Wiki tatu, Mwanahamisi. Faili lako lilikuwa mezani kwangu. Naomba unisamehe."

Aliokota kifuu, akakipangusa mchanga.

"Mimi nawaambia watu miaka yote hii kwamba ulikuja siku ile ile uliyosikia."

"Haikuwa hivyo."

"Basi sasa nitawaambia ilivyokuwa." Akanivutia kiti. "Kaa. Chai utakunywa."

Nimeagwa kazini mara mbili, kwa hotuba na zawadi. Lakini ni pale uani, kikombe kikiwa mkononi, ndipo nilipojiona nimekabidhi ofisi.