Uzima wa Mama Shabani

Salma mwanangu, njoo ukae hapa mkekani, hizo mboga zitasubiri. Jana nimekusikia ukimwambia mumeo kwamba vidonge vya kliniki vinakutibua tumbo na utaviacha, kwa sababu dada yako Rehema ana mimba kama wewe, hamezi, na hajambo. Sikusema kitu mbele ya mumeo. Leo nasema.

Iko siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa na umri kama wako na mimba yangu ya kwanza, ya huyo huyo Rehema. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Kariakoo yameanza kujaa bidhaa, na kila mwenye nguvu anauza kitu. Mimi nilikuwa nauza vitenge barazani kwetu. Mlangoni hapo hapo Mama Shabani, mpangaji mwenzetu, alikuwa anakaanga samaki aliowanunua sokoni Feri asubuhi. Naye alikuwa mjamzito. Matumbo yetu yalikwenda sambamba, na wateja wakatutania kwamba baraza ile asiye na tumbo haruhusiwi kuuza.

Kliniki walinipa vidonge vya klorokwini vya kumeza kila wiki. Uchungu wake niliuvumilia, ila kuwasha kulinishinda. Nikimeza, mwili mzima unawasha mpaka nyayo, najikuna mbele ya wateja kama mwenye upele. Nikamtazama Mama Shabani. Hamezi kitu, mbu wanaomng'ata ndio hao hao wanaoning'ata mimi, na ngozi yake inang'aa. Nikajiambia, mimi mtoto wa mjini, malaria nimeugua tangu nanyonya, leo itanifanya nini? Vidonge nikavitupa chooni. Nilijiona mjanja kweli, mwanangu, sikufichi.

Homa ilipokuja, wala haikuwa kali. Nilichoka tu, nikawa nahema hata nikikunja kanga. Siku hiyo nikainuka kumshushia mteja kitenge, giza likanijia, nikaanguka.

Mama Shabani akapiga kelele, "Jamani, mwenzenu anakufa! Leteni mkokoteni!"

Vijana wakashusha magunia yao ya vitunguu pale pale njiani, wakanilaza, wakanisukuma mbio mpaka hospitali kule Upanga. Mama Shabani alikimbia pembeni na tumbo lake, mkononi bado ameshika mwiko wa kukaangia. Mpaka leo nikimkumbuka na ule mwiko nacheka, halafu machozi yananitoka.

Nesi mmoja wa makamo alinifunua macho, akapima damu, akapima tumbo. "Damu imekwisha, mama, na mtoto hakui. Ni malaria. Vidonge ulimeza?"

"Vinaniwasha, sista. Na mwenzangu huyu hamezi, mbona yuko fiti?"

Akamgeukia Mama Shabani. "Hii yako mimba ya ngapi?"

"Ya nne."

"Umeona?" nesi akaniambia. "Malaria hii inawaonea zaidi wa mimba ya kwanza. Huyu mwili wake umeshaizoea."

Nikasema, "Mama Shabani, umekosea hesabu." Watoto wake nilikuwa nawajua, Shabani na Mwanaidi, basi.

"Sijakosea," akasema. "Kabla ya Shabani alikuwepo mwingine. Mdogo, wa kiganjani. Hakulia hata mara moja. Na mimi nilichoka hivi hivi kama wewe. Mdogo wangu, umeuona uzima wangu ukautamani, hukuniuliza nimeupataje. Nimezika mtoto."

Wote pale barazani tulimwita kwa jina la Shabani, na hakuna aliyewahi kufikiri kama kulikuwa na mkubwa wake.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza sababu. Kondo la nyuma, alisema, lina sukari za namna yake zenye salfa. Chembe ya damu iliyoingiwa na kijidudu cha malaria inaota protini inayonasa kwenye sukari hizo. Basi chembe hizo zinajazana humo, mtoto anakosa chakula na mama anakosa damu. Mwili ambao haujawahi kubeba mimba, hata uwe umeugua malaria mara ngapi, unakuwa bado haujakutana na protini hiyo. Ukishakutana nayo, unatengeneza kingamwili za kuishika isipate pa kunasa, na mimba zinazofuata zinakuta ulinzi uko tayari. Mwili wa Mama Shabani ulifundishwa na yule mtoto ambaye hatukumjua.

Nilitibiwa, nikaongezewa damu. Nikarudi nyumbani, na kila wiki Mama Shabani akawa anakuja chumbani kwangu na kikombe cha maji na vidonge, vyangu na vyake, maana nesi alimwandikia naye, tunameza pamoja, tunajikuna pamoja. Rehema alizaliwa mdogo, tukamlea kifuani kwa zamu kama pacha wa mtoto wa Mama Shabani, aliyezaliwa siku hizo hizo. Mwanamke yule nilimpenda, nampenda mpaka kesho.

Basi nisikilize, mwanangu. Usimwige mtu uzima wake kabla hujamuuliza amepitia wapi. Dada yako hii ni mimba ya tatu, yako ni ya kwanza, mwili wako haujui unachokijua mwili wake. Meza vidonge, lala kwenye chandarua, na tumbo likikutibuka kamwambie nesi, mumeo hana dawa. Na huyo Rehema nitamfuata kwake leo leo, maana kinga hiyo haizuii yote, hata mzoefu anameza.

Maji haya hapa. Meza nikiona. Haya, Mungu akulinde, akufungulie salama, akupe mtoto mzito wa kuniumiza mgongo nikimbeba, nami nisilalamike hata siku moja.